Inspekta Aliyegeuzwa Muuaji: Maisha ya Dada Yetu Fundi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wakubwa kwa wadogo mlimwita Fundi, na mtuvumilie pale sauti itakapopanda, kwa kuwa katika historia hii kuna mahali ambapo familia haijapoa.

Fundi alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkulima, mguu wake wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia, jambo ambalo mama yetu alilimaliza siku ileile kwa kusema kwamba mtoto amekuja na mwendo wake mwenyewe. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1977 hadi 1983, akiongoza kwa maigizo na kwa utundu, kisha akajifunza ushonaji chuo cha ufundi, na mwaka 1987 akafungua kibanda chake mkabala na kituo cha afya, ambako alishona sare za shule, magauni ya harusi na, kwa maneno yake, makosa ya mafundi wengine. Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na dereva wa lori la mbao, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili na wajukuu watatu.

Mwaka 2017 alifika kijijini mwongozaji wa filamu, kijana mwenye adabu za kupitiliza, akitafuta waigizaji wa filamu ya upelelezi wa mauaji ya shambani, akamkuta Fundi akimfokea mteja, akampa palepale nafasi ya Inspekta, akimwita Mama, akisema kwamba miaka yote mwenye mguu kama wake hufanywa mchawi au ombaomba, safari hii atakuwa mwenye akili kuliko wote. Fundi alilia, naye hakuwa mtu wa kulialia, akajishonea sare kwa mkono wake, suruali ikiwa na upindo mpana upande wa kushoto ili ilale vizuri juu ya kiatu, akaigiza mpaka sehemu ya mwisho. Baadaye walimwomba arudi bila sare, apite tu kati ya mahindi na fimbo yake, kamera ikiwa chini usawa wa miguu, naye akadhani ni mapambo ya picha.

Tarehe 2 Juni 2018 filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa shule, Fundi akiwa mstari wa mbele na gauni jipya, na kwenye kitambaa cheupe akatokea Inspekta mwingine, mrembo wa mjini mwenye miguu sawasawa, akisema maneno yote ya Fundi, na muuaji asiyeonyeshwa uso alikuwa ile fimbo na ule mguu. Sare ilikuwa ileile, upindo wa kushoto umefumuliwa harakaharaka, alama ya mkunjo ikionekana kila mrembo alipopiga hatua, na hapo Fundi akamshika shemeji mkono, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Alipompigia simu mwongozaji, alijibiwa kwamba watazamaji hawajazoea Inspekta wa namna ile, ila asinune, kwani bado amewakilishwa, na kweli matangazo yaliisifu filamu kwa kuwapa nafasi watu wenye ulemavu, naye akamjibu kwamba nafasi ameiona, ni ya kuua watu. Kumbe ule umama wote ulikuwa kilemba cha ukoka.

Watoto waliozoea kujazana kibandani kuomba vipande vya vitambaa walianza kukimbia waliposikia fimbo yake, na baadhi yenu mlimwita Muuaji kwa utani, utani uliomchoma mpaka mwisho.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya tumbo, akalazwa hospitali ya wilaya, ambako muuguzi mmoja alimuuliza kama si yeye yule muuaji wa kwenye filamu, naye akajibu kwamba yeye ni Inspekta, muuaji bado hajakamatwa. Alifariki tarehe 21 Mei 2024, binti yake akiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliompikia na mafundi wenzake waliomaliza kazi za wateja wake. Mwongozaji aliomba kuja na kamera, familia imekataa. Nanyi wazazi, mkifika nyumbani, waambieni watoto kwamba huyu tuliyemzika leo hakuua mtu.

Dada, pumzika kwa amani.