Apelekewe: Kadi za Mama Masjala

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, Mama Masjala anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Ofisi imeguswa sana. Imeguswa hadi imemnunulia saa ya ukutani, zawadi ya busara kabisa kwa mtu ambaye kuanzia Jumatatu hana mahali pa kuwahi.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya meneja wetu, "wewe unajua kuwachangamsha watu." Ni kweli. Nimewachangamsha watu wa jengo hili kwa miaka kumi na tisa, na kuna siku moja niliwachangamsha kupita kiasi. Tutaifikia.

Mama Masjala aliajiriwa kuwa karani wa majalada akiwa binti wa miaka ishirini na sita. Alipewa chumba cha chini, nyuma ya ngazi, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jenereta. Aliambiwa ni chumba cha muda tu. Muda huo unakwisha leo.

Katika chumba hicho hakupoteza jalada hata moja. Wakubwa walimpigia simu wakifoka kwamba masjala imekula jalada lao, naye akawajibu kwa upole wakatazame chini ya kikombe chao cha chai. Mara nyingi lilikuwa hapo, na duara la kikombe juu yake kama muhuri.

Kisha zikaja kompyuta, na ofisi ikaagiza makasha kumi na moja ya kadi za masjala yatupwe. Kila kadi ilikuwa imechapwa mistari mitatu: Jalada, Kuhusu, Apelekewe. Mama aliona ni dhambi kutupa kadi safi. Akaanza kuzijaza, moja kila Jumatatu, na kuibandika kwenye ubao wa chumba cha chai. Kwenye mstari wa Jalada aliandika kitabu, filamu au kipindi cha redio alichokipenda wiki hiyo. Kwenye Kuhusu alieleza kinasema nini. Na kwenye Apelekewe alieleza ni nani anayekihitaji. Jina hakuandika kamwe. Hakukuwa na haja.

Kadi ya kwanza ninayoikumbuka ilihusu kitabu cha muuguzi mmoja juu ya kutuliza hasira. Apelekewe: anayedhani sauti kubwa ni hoja. Mhasibu wetu, ambaye akisema "habari za asubuhi" walinzi wa getini huitikia, aliisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, akaing'oa na kumpelekea dereva. "Bwana, hii yako kabisa." Dereva akacheka, akaipeleka kwa mtu wa stoo. Mtu wa stoo akampelekea mhandisi. Kadi ilizunguka jengo zima na kurudi ubaoni bila kumpata mwenyewe. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa msitu mzima.

Aliwahi kupendekeza filamu ya wanawake wa kijijini waliokishtaki kiwanda kilichochafua mto wao. Apelekewe: wote wanaosema "sasa sisi tutafanyaje." Aliwahi kupendekeza kipindi cha redio cha kila Jumanne, mawakili wakijibu maswali ya wafanyakazi. Apelekewe: aliyesaini mkataba bila kuusoma. Tulikuwa kama arobaini. Wachapaji wawili waliokuwa hawasemeshani kwa miaka minne, chanzo kikiwa birika, aliwapa mazungumzo ya kusikiliza kwenye simu kuhusu kusameheana. Simu ilikuwa moja, kwa hiyo walisikiliza wakiwa wamegawana waya wa masikioni, kila mmoja sikio lake. Waligombana tena mwezi uliofuata, ila safari hii walikuwa wanasemeshana.

Vitabu vyenyewe alivitunza kwenye kabati la bati lililokuwa la majalada ya zamani, pale pale chumba cha chai. Kilianza kitabu kimoja, sasa ni mia mbili na kumi na saba. Vingi alinunua mwenyewe. Mimi pia nilichangia kimoja, cha kukuza kuku, kwa sababu nilikuwa nimepewa viwili.

Sasa nije kwa meneja wetu mpendwa, aliyeketi mstari wa mbele. Meneja ni mtu wa kuwaamini watu wake. Husaini kwanza, kusoma ni baadaye, na hiyo baadaye bado tunaisubiri. Miaka mitatu iliyopita makao makuu yalitangaza Mwezi wa Kujiendeleza na Haki za Jamii, na kila meneja akatakiwa kutuma orodha ya vitabu, filamu na vipindi anavyovipenda mwenyewe, vilivyomkuza kiakili na kumfunza usawa. Wakati huo kitabu pekee kilichowahi kuonekana mkononi mwake kilikuwa kile cha maelekezo ya gari lake jipya. Lakini hakubabaika. Alimwita katibu wake, akamwambia, "Zile kadi za yule mama, chapa zote kama zilivyo, niletee nisaini."

Zikachapwa kama zilivyo, mistari yote mitatu. Orodha ya Meneja ikatoka kwenye jarida la wafanyakazi nchi nzima, na picha yake juu. Namba saba: filamu kuhusu mkutano wa kijiji. Apelekewe: kiongozi anayefunga kikao kabla hajauliza kama kuna swali. Namba kumi na mbili: kitabu cha kujifunza kusikiliza. Apelekewe: bosi anayejibu simu mtu akiwa analia mbele yake.

Sisi tulisubiri mbingu ianguke. Badala yake makao makuu yalimpa cheti cha kiongozi mwenye ujasiri wa kujikosoa hadharani. Amekitundika nyuma ya kiti chake. Mama Masjala alikwenda kumpongeza, tena kwa moyo safi, akamwuliza kama angependa kuazima namba kumi na mbili. Simu ya meneja ikaita.

Nilisema kuna siku tutaifikia. Ndiyo hii, na hapa mtanisamehe, utani unanikauka kidogo.

Ghorofa ya pili husafishwa na dada mmoja, mwajiriwa wa mkandarasi wa usafi. Mwaka jana aliazima kabatini kijitabu cha sheria za kazi kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Akakisoma chote, jambo ambalo hakuna mtu wa ofisi hii aliyewahi kulifanya. Kisha akamwendea mkandarasi na kuomba likizo yake ya mwaka, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi miaka mitano bila kupumzika hata siku moja. Mkandarasi akaja juu. Akalalamika kwa meneja kwamba ofisi inamharibia watu.

Meneja, mwenye cheti, akaitisha kikao. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kabati litafungwa kwa kufuli, na vitabu ni vya wafanyakazi wa kudumu peke yao. Mama Masjala akasimama. Sauti yake ni ndogo, ilibidi tuache kuvuta viti. "Dada huyu kasoma, kauliza. Kosa lake ni lipi hapo? Anayeona aendelee kusoma anyooshe mkono."

Tulikuwa watu thelathini na sita. Tulitazama meza. Kimya kilikuwa kizito, na mimi kimya huwa sikiwezi. Nikasema, "Jamani, muacheni asome. Akimaliza sheria atatufagilia na mahakama!"

Chumba kikaangua kicheko. Meneja alicheka mpaka akafuta macho, akafunga kikao kwa furaha. Ndipo nikageuka nikamwona yule dada amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alipita akaanza kukusanya vikombe vyetu, changu kikiwa cha kwanza. Niliona aibu siku ile, na ninaiona hadi leo.

Likizo aliipata baada ya miezi miwili, kwa sababu Mama Masjala aliongozana naye hadi ofisi ya kazi ya serikali mara nne, kwa nauli na miguu yake mwenyewe. Sisi hatukuwa na mchango wowote, labda kicheko. Kufuli likaendelea kuning'inia, naye Mama akawa anatoa vitabu kabatini kwa kikapu na kuwaazimisha wasafishaji chini ya ngazi. Kwa hilo alipewa barua ya onyo. Aliiweka mwenyewe kwenye jalada lake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua linapokaa.

Mwezi huu meneja ameamua kwamba Mama akishaondoka kabati lihamishiwe ofisini kwake, chini ya cheti, liitwe Kona ya Kujiendeleza. Kwa hiyo Jumatatu iliyopita mlango wa kabati ulikuwa unakaribia kufungwa moja kwa moja, na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwa mkuu wa wasiosema.

Jumatatu hiyo nilifungua droo yangu nikakuta kadi. Miaka kumi na tisa sikuwahi kupata kadi, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Jalada: hadithi fupi ya mpiga ngoma wa mfalme. Kuhusu: mtu aliyenyamaza kwa kupiga kelele. Apelekewe: mcheshi wetu. Na chini kabisa, kwa kalamu ya risasi: Kitabu hakipo kabatini. Anacho dada wa ghorofa ya pili. Mwombe mwenyewe.

Ilinichukua siku mbili kupanda ngazi ninazozipanda kila siku. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasoma. Nikamwomba radhi kwanza, bila utani, maneno yakinitoka vipande vipande. Akanisikiliza hadi mwisho. "Nilikusikia siku ile, kaka," akasema. "Leo pia nimekusikia." Nikamwomba kitabu. Akahesabu kurasa kwa kidole. "Zimebaki ishirini. Subiri zamu yako."

Basi, ndugu zangu, programu hii mliyoishika ilikwenda mezani kwa meneja Jumatano ikiwa na kurasa nne. Ilirudi baada ya dakika moja, imesainiwa, imepigwa muhuri. Naomba mfungue ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi yake. Hapo imeandikwa kwamba kabati la vitabu litabaki chumba cha chai, bila kufuli, kwa matumizi ya kila mtu anayefanya kazi ndani ya jengo hili, wa kudumu na wa mkandarasi, na kwamba mtunzaji wake kuanzia leo ni dada wa ghorofa ya pili. Nakala imepelekwa makao makuu, pamoja na pongezi kwa meneja. Nyingine iko masjala. Mama ameipa namba kwa mkono wake, kazi yake ya mwisho hapa.

Meneja akitaka kujua ni nani aliyeandika ukurasa huo, asihangaike kuwatazama makarani. Ni mimi. Mkono uko juu.

Mama Masjala, ahsante kwa kadi zote, hasa zile tulizowapelekea wengine. Nenda ukapumzike, uchelewe popote unapotaka, na hiyo saa uitundike inapokufaa, hata chini ya kikombe. Tunakuombea siku ndefu, macho mazima na majirani wanaorudisha vitabu. Mimi sina haraka. Zimebaki kurasa ishirini, na nipo kwenye foleni nyuma ya dada.