Nyumba Zilizoandikwa Sufuri

Juzi asubuhi nilishuka kwenye basi katika mji huu ambao sikuwahi kufika, nikamwuliza mwendesha pikipiki kama anapajua kwa dada yangu, mstaafu wa ofisi ya takwimu. "Kwa Bibi Chaki? Panda, mjomba."

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya saba. Jioni mama alipotaka kujua kama wote tumeingia ndani, hakututazama sisi, alimwuliza yeye. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akapata stashahada ya takwimu. Mwaka uliofuata aliajiriwa ofisi ya wilaya, chumba cha madirisha mawili na makabati ya chuma, akakaa humo miaka thelathini na minne.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na fundi saa, wakajaliwa binti na mvulana. Shemeji alizoea kuwaambia wageni, "Kuleni kwa adabu, vijiko vimeshahesabiwa." Alifariki mwaka 2009.

Yanayofuata, marehemu aliagiza yasomwe. "Usinipambe," aliniambia kwenye simu. "Soma na hilo kosa langu."

Katika sensa ya mwaka 2012 alisimamia makarani. Kanuni ilimtaka karani abishe hodi mara tatu, kwa saa tofauti, kabla ya kuandika sufuri kwa chaki mlangoni, yaani nyumba haina watu. Kwenye mtaa wa wapasua kokoto walibisha mara zote tatu asubuhi, watu wakiwa machimboni. Yeye akatia saini bila kuuliza walikwenda saa ngapi. Zahanati iliyokuwa ijengwe pale ikapelekwa kwingine, kwa kuwa kwenye karatasi mtaa ulikuwa na watu 212.

Mwaka 2013 mwanamke wa mtaa huo alifika ofisini. Alikuwa amejifungulia njiani akienda hospitali, na mtoto hakupona. "Nimeambiwa hapa ndipo mnapojua tuko wangapi," alisema. "Basi mimi ni mmoja wa wale ambao hawapo."

Marehemu alikiri kosa lake kwa barua. Mkuu wake akamwita. "Dada, namba ikishatangazwa imetangazwa. Tusubiri sensa ijayo."

"Na wenye mimba nao wasubiri?"

Mkuu akaifungia barua kabatini.

Alipostaafu mwaka 2014, yeye na mwanamke yule walianza kupita mlango kwa mlango kila Jumapili, watu wakiwa nyumbani. Waliandika kwenye daftari, na mlangoni aliandika idadi kwa chaki. Watoto wakampa jina la Bibi Chaki. Jumla ilikuwa watu 1,940. Kila mwaka aliongeza waliozaliwa, akafuta waliokufa, akapeleka nakala ofisini.

Novemba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alilazwa hospitali ya wilaya mwezi Aprili, na mwenzake alimletea hesabu ya Jumapili hadi kitandani. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Mei 2019, saa tisa alasiri. Neno lake la mwisho kwa mwenzake lilikuwa, "Ofisi wamejibu?" Akamwambia bado. Mpaka leo bado.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu sita, na daftari lenye watu 1,987.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya kesho. Kesho ni Jumapili, na mwenzake ameniambia tutaanzia nyumba za juu. Dada, tangulia ukapumzike. Sisi tunabaki tukibisha hodi.