Mama Tope Anahama na Tope Lake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulea vyura na kobe wa bustani yetu ya wanyama, Mama Tope anastaafu. Jina lake la kwenye mkataba lipo, ila ukilitaja getini mlinzi atakuuliza huyo ni nani.

Alianza kazi akiwa msichana mwepesi wa mkono, na kosa lake la kwanza lilikuwa usafi. Aliliona bwawa la kobe limechafuka, akalimwaga lote, akalisugua kwa brashi hadi sakafu ikang'aa, akajaza maji ya bomba. Meneja wa wakati ule alimsifu mbele ya watu. Wiki haikuisha, vyura wakawa kimya, kobe wakajibanza pembeni na kususia chakula, na majani ya majini yakaelea mizizi juu. Bwawa lilipendeza kweli, lakini halikuwa tena mahali pa kuishi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa meneja kusema ameharibu. Kisha akachukua ndoo, akaanza kulirudisha tope kutoka mtaroni lilikomwagwa. Ndani ya tope lile ndimo walimokuwa minyoo wanaoliwa na kobe, ndimo mimea ilimoshikia mizizi, na chini ya mimea hiyo ndipo viluwiluwi walipojificha wasiliwe. Aliingia kantini akiwa na tope hadi magotini, siku hiyo hiyo tuna wageni wa heshima. Mpishi akampa jina, nalo likanata kuliko tope lenyewe.

Tangu hapo akaanzisha utaratibu ambao sasa ni wa bustani nzima: mnyama wa majini hahamishwi bila ndoo ya tope la alikotoka. Dereva wetu hajasahau safari ya kumleta kobe mzee wa shingo ndefu. Ndoo ilipewa kiti cha mbele, na yeye akaonywa kwenye kila tuta apunguze mwendo ili tope lisimwagike. Analalamika hadi leo kwamba hata mkewe hakubembelezwa hivyo siku ya harusi.

Wageni nao walilalamika kwamba wanasimama mbele ya kioo cha bwawa na hawaoni kitu. Mama Tope hakukata jani hata moja. Alibandika kibao: "Humwoni? Vizuri. Yuko nyumbani." Watoto wa shule aliwaeleza kwamba chakula, maji na hewa kila mtu anavikumbuka, kinachosahaulika ni mahali pa kujificha. Mnyama akikugeuzia mgongo na kulala, aliwaambia, ujue amepapenda. Leo vyura wanazaliana wenyewe bwawani, na kereng'ende walikuja bila kualikwa.

Sasa tuseme linalotuuma. Mama Tope amekaa miaka yote hiyo katika nyumba ya watumishi, kando ya bwawa. Humo alimlea mwanawe, na humo alifiwa na mumewe. Kustaafu ni kuihama. Anakwenda kwa mwanawe, ghorofa ya nne, kwenye vigae vyeupe vya mkwewe: mkwe mwema, ila mtu wa kupiga deki asubuhi na jioni. Mwezi uliopita alikwenda kupaona, akakaa kimya katika kila chumba, kama afanyavyo kabla ya kumwingiza mnyama mpya. Aliporudi aliniambia mimi, mtunza ndege wa banda la jirani, kwamba chakula kipo na upendo upo. Anachoogopa ni kukosa pembe yake ya kujificha. Niliwapelekea wenzangu maneno hayo.

Kwa hiyo wafanyakazi tumeamua, na yeye analisoma hapa kwa mara ya kwanza. Saa ya ukutani ambayo kila mstaafu hupewa haitakuwepo. Atapewa beseni pana la tope la bwawa letu, pamoja na majani yake na mizizi yake. Tulimpigia mkwe kwanza, kwa woga. Aliuliza kama litavuja. Kisha akasema kibaraza cha nyuma, kile kinachopata jua la asubuhi, hakitumiki. Atakitundikia pazia, na hatapiga deki kule mpaka aombwe. Dereva naye ameshaambiwa beseni linakaa mbele. Ameguna, lakini ameikubali safari.

Mama Tope, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyoingia majini ili viumbe wengine walale salama. Uishi kwa raha na afya huko uendako. Siku za mwanzo chakula kikigoma kushuka, usishtuke. Wewe mwenyewe hukuwahi kumlazimisha kobe mgeni. Tutakuwa tunapiga simu kukujulia hali. Siku moja mkwe ataipokea na kutuambia kwamba umelala kibarazani, umegeukia ukuta, karibu na beseni lako. Siku hiyo hatutaomba uamshwe.