Mzee Salvatory Tesha, Msimulizi wa Fundi wa Saa (1949–2009)

Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Mzee Salvatory Tesha alikuwa akitoa CD moja kwenye jalada lake, akiihemea kidogo, kisha akiipangusa kwa pindo la shati. Aliipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, wala hakuizungusha hata siku moja, kwa kuwa aliamini kuzungusha ndiko kunakoleta mikwaruzo. Halafu aliiinua dirishani, akaikagua kwenye mwanga na kuirudisha mahali pake. Alifanya hivyo hata siku ambazo hakukusudia kuitazama. Wafanyabiashara wenzake kule Guangzhou, China, walisema kwamba ukitaka kujua kama Mzee ameamka mzima, usimguse paji la uso, uliza tu kama CD imepanguswa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 Umbwe, Kibosho, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Petri Tesha na Mama Yosefina. Mama yake alikuwa akisema kwamba Salvatory alianza kusema kabla ya kutembea, na alichokisema hakikuwa kweli. Akiwa na miaka minne aliwatangazia majirani kuwa ng'ombe wa baba yake amezaa mapacha. Wakaja na pombe ya mbege ya pongezi. Ng'ombe hakuwa hata na mimba, lakini mbege ilikuwa imeshafika, ikanywewa.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1968. Shuleni kulikuwa na kabati moja la vitabu vya kale vya Kiingereza, vyote vikiwa na majalada ya ngozi, na vyote vilihusu maisha ya watakatifu. Hapo ndipo alipojenga imani kwamba kitabu cha Kiingereza kikiwa cha kale, basi ni cha dini. Imani hiyo iliyageuza maisha yake.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kahawa. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1994. Hakukaa nyumbani kuhesabu mbao za dari. Aliingia kwenye mitumba mjini Moshi, na mwaka 2004 akasafiri kwa mara ya kwanza kwenda Guangzhou kununua nguo mpya. Bidhaa aliyoichagua ni magauni ya kulalia ya wanawake. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari kwenye soko la nguo la Shisanhang, rozari mfukoni, ameinua gauni la hariri ya bandia lenye mikanda miwili tu, akilikagua kwa uso uleule aliokuwa nao akipima kahawa. Mtu akimtania, alijibu, "Ndoa nyingi za Moshi zimesimama kwa mkono wangu."

Sasa tuirudie ndoa yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1974, jumba la sinema la Moshi lilibandika tangazo la filamu ya vichekesho iliyotokana na riwaya ya kale ya Kiingereza. Salvatory alisoma maneno "riwaya ya kale" akaridhika kabisa. Wakati huo alikuwa akimpenda Flavia, binti wa Katekista Mikaeli, na hapakuwa na njia ya kumfikia Flavia isipokuwa kupitia kwa baba yake. Akawaalika wote wawili. Jumamosi ya tarehe 28 Desemba waliketi mstari wa nne, katekista katikati.

Filamu ilimhusu fundi wa saa wa Uingereza ya zamani, aliyezunguka kwenye majumba ya matajiri akitengeneza saa zao. Wake wa matajiri walikuwa wakizivunja saa hizo makusudi ili fundi aitwe. Mume akirudi ghafla, fundi huingia ndani ya kabati la ile saa kubwa ya kusimama, akatulia humo na suruali yake mkononi. Saa ya kwanza ilipovunjwa, katekista alikohoa. Ya pili ilipovunjwa, alivua kofia. Ya tatu, alimshika Salvatory kiwiko akamtoa nje.

"Kijana, hii ndiyo dini uliyofundishwa?" alimuuliza kwenye ngazi.

"Baba, tangazo limesema ni kitabu cha kale."

"Hata Sodoma ni ya kale!"

Alimfundisha Amri ya Sita, usizini, pale pale kwenye ngazi, kwa muda wa dakika arobaini, na kwa bidii kubwa kiasi cha kusahau kwamba binti yake amebaki ndani. Alikumbuka alipowaona watu wakitoka. Flavia alitoka wa mwisho, akijifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kitenge. Katekista akaenda kutafuta baiskeli yake. Salvatory akapata nafasi ya kunong'ona, "Imeishaje?"

"Nitakuambia ukishanioa," Flavia alijibu.

Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Jioni ya harusi Salvatory aliuliza tena, akajibiwa, "Tukipata mtoto." Mtoto alipozaliwa, jibu likawa, "Tukizeeka." Kila tarehe 28 Desemba aliuliza, na kila mwaka Mama Flavia alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Flavia aliitwa na Bwana tarehe 9 Mei 2001, na sisi katika familia tuliamini kwamba ameondoka na mwisho wa filamu.

Mwaka 2006, kwenye meza ya CD iliyokuwa kando ya njia karibu na Shisanhang, marehemu aliona jalada lenye picha ya saa kubwa na mguu wa mtu unaochungulia mlangoni mwake. Aliinunua bila kupatana bei, na wanaomfahamu wanajua uzito wa jambo hilo. Tangu hapo chumba chake cha ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei, kikawa baraza. Kama wasimulizi wa mabanda ya video huku nyumbani, alizima sauti ya Kiingereza na kuweka ya kwake. Mjane tajiri wa kwenye filamu alimpa cheo cha Mwenyekiti wa Kwaya. Waume wote aliwaita Laoban, ambalo ndilo neno wanalotumia wenye maduka wa kule kumwita bosi. Lakini gari la farasi lilipolikaribia kanisa katika dakika za mwisho, alibonyeza rimoti akatangaza, "CD imekwama hapa," kisha akasimulia mwisho wa kubuni, kila siku wa aina yake.

Dullah, muuza vifaa vya umeme kutoka Dar es Salaam, hakuridhika. "Mzee, CD inapanguswa kuliko miwani ya rubani, inakwamaje?"

"Inakwama kwa heshima," Mzee alijibu.

Katikati ya mwaka huu polisi wa Guangzhou walizidisha ukaguzi wa pasi na viza, nyumba kwa nyumba. Tarehe 4 Agosti Bimkubwa, mfanyabiashara wa mapazia kutoka Zanzibar, alibisha hodi kwa marehemu. Viza yake ilikuwa imekwisha. Pasi yake ilikuwa kwa wakala aliyeahidi kuirudisha baada ya siku tatu, na sasa ilikuwa wiki ya tatu. Mzigo wake ulikuwa bandarini Huangpu ukisubiri saini yake. Akikamatwa angefungiwa na kurudishwa nyumbani, na jasho lake la miaka miwili libaki gatini. Karatasi za marehemu zilikuwa kamili, lakini kumhifadhi asiye na karatasi kungeweza kumponza naye. Alimtazama Bimkubwa, akasema, "Karibu ndani, mama. Kabati ni kubwa."

Siku tatu Bimkubwa alilia. Siku ya nne Mzee aliwasha TV. Aliweka sheria moja: kila anayeingia apewe mto wake mlangoni, na kicheko kiishie ndani ya mto, majirani wasije wakalalamika na kuwaleta askari.

Jumamosi ya tarehe 15 Agosti, saa kumi alasiri, mlango uligongwa. Haikuwa hodi ya jirani. Bimkubwa alikumbatia mto wake akaingia kabatini, katikati ya magauni ya kulalia. Waliingia askari wawili, mmoja wa makamo na mmoja kijana. Walikagua pasi ya Mzee, ya Dullah na ya mpwa wa marehemu, Odilia, aliyekuwa amekwenda mwaka uliotangulia kujifunza Kichina na kumsaidia mjomba wake kuandika karatasi za mizigo. Zote zilikuwa sawa. Askari kijana akaanza kutazama pembe za chumba, mara jicho lake likaangukia kwenye TV. Mume alikuwa amepiga magoti akichungulia uvunguni mwa kitanda, na fundi yuko ndani ya saa.

Askari aliuliza kitu. Kichina chote kikampotea Odilia kwa hofu. Mzee Salvatory hakuwa na Kichina, alikuwa na maneno ya sokoni tu, basi akayatumia hayo hayo. Alimwonyesha mume kwa kidole: "Laoban!" Akaionyesha saa na kuweka kidole mdomoni. Kisha akaunguruma kwa sauti ya mume kwa Kiswahili, "Nani yumo humu?" na kujibu kwa sauti nyembamba ya mke, kwa neno ambalo kila mnunuzi wa Guangzhou hulisikia mara mia kwa siku, yaani hakuna: "Meiyou, laoban! Meiyou!"

Askari kijana alicheka, akaketi kwenye mkono wa kochi. Yule wa makamo alibaki wima, kando ya kabati.

Filamu ikaendelea. Gari la farasi likaanza kulikaribia kanisa. Dullah na Odilia waliutazama mkono wa Mzee, wakingoja ubonyeze rimoti kama siku zote. Lakini akiizima, askari watanyanyuka, na chumbani hamkuwa na kingine cha kutazamwa isipokuwa kabati. Mzee aliiweka rimoti chini taratibu. Kisha akaigeuzia TV mgongo, akawakabili askari, akaendelea kusimulia kitu asichokiona.

"Fundi kashuka, jamani! Koti la kuazima, suruali safari hii kaivaa! Mwenyekiti wa Kwaya anamwambia, fundi, usinitengenezee tena, saa yangu siku hizi inagonga yenyewe ikikuona!"

Nyuma yake picha ilionyesha mambo mengine kabisa. Askari walicheka walichokiona. Dullah alikuwa akitafuna mto kwa jinsi maneno yalivyopishana na picha. Na Bimkubwa, aliyesikia maneno tu gizani, alishindwa. Kicheko chake kilitoka kabatini kama debe linalobingirika kwenye ngazi.

Askari wa makamo aligeuka, akagonga mlango wa kabati kwa kifundo cha kidole.

Mzee, bado ameipa TV mgongo, akajibu kwa sauti ileile nyembamba: "Meiyou!"

Dullah alijitupa sakafuni akicheka, akijitahidi kuiga debe la Bimkubwa. Odilia, ambaye maisha yake yote hucheka nyuma ya kitabu, alicheka kwa sauti. Askari wa makamo aliitazama saa iliyokuwa kwenye TV, akalitazama kabati, akarudisha pasi moja moja. Mlangoni alimwambia Odilia kwa Kichina, polepole ili aelewe, kwamba aliye ndani ya saa afanye haraka kwenda kwao.

Bimkubwa alitoka na pamba mdomoni. "Mzee Salvatory, utaniua weye! Na hawa watoto wanasema uliipa TV mgongo. Ulikuwa na nini?"

"Shingo," alisema.

Pasi ilirudi tarehe 19 ikiwa na viza mpya. Mzigo ulipakiwa tarehe 24, na tarehe 26 Bimkubwa akapanda ndege. Leo yupo hapa nasi Kibosho, mstari wa pili. Ametoka Unguja jana, na hajaja mikono mitupu: mto alioutafuna ndio aliokalia.

Mwezi Septemba marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walikuta moyo umechoka. Alilazwa hospitalini Guangzhou tarehe 9 Oktoba, na hata maonyesho ya biashara ya Pazhou, ambayo hakuwahi kuyakosa, aliyasikia kwa simulizi za Dullah, akimkosoa kwamba hajui kusimulia. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini. Wafanyabiashara wenzake, Wakristo kwa Waislamu, walichanga wakamrudisha nyumbani, azikwe leo pembeni ya mke wake.

Marehemu ameacha watoto watatu, Goodness, Agripina na Deogratias, wajukuu watano, dada wawili, mpwa wake Odilia, na magauni mia nne ya kulalia ambayo Agripina ataendelea kuyauza. Ee Bwana, mpe pumziko mtu aliyewapumzisha wengi walipokuwa na hofu.

Siku mbili kabla hajafariki aliomba aletewe CD yake, akaipangusa kitandani, kutoka katikati kwenda ukingoni. Odilia, aliyekisoma kile kitabu chuo kikuu na siku ile ya askari aliiona filamu mpaka mwisho, alimuuliza swali ambalo hakuthubutu kuliuliza kabla: "Mjomba, nikuambie inavyoisha?"

"Hapana, mama," alisema. "Flavia alisema ataniambia nikifika."