Mzee Mabuti na Kiti cha Shemeji

Baada ya miaka thelathini na nane ya kuteleza, kumwagiwa unga na kukimbizwa na mbuzi mbele ya kamera, mchekeshaji wetu Mzee Mabuti anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa mimi, fundi sauti, niandike wasifu wake, kwa kuwa ndimi niliyemsikia kwa karibu kuliko wote. Meneja amenisihi niandike mambo ya kufurahisha. Nitajitahidi.

Alianza hapa studio kama mbeba taa. Siku moja mwigizaji hakutokea, jamaa akasukumwa mbele ya kamera kuziba pengo, na kwa kuwa ofisi ilikuwa imefulia, alilipwa jozi ya mabuti yaliyobaki kwenye filamu ya vita. Yalimpwaya. Ule mwendo wake unaoigwa na watoto mitaani hakuna aliyeubuni. Alikuwa anahangaika tu viatu visimtoke. Kufikia filamu ya nne alikuwa analipwa kuliko mwigizaji yeyote wa studio hii. Hela hazikukaa. Alimjengea mama mkwe nyumba, akanunua gari ambalo hadi leo hajui kuliendesha, na wajomba ambao hakuwahi kuwaona wakaanza kumtembelea.

Kwenye mkataba aliweka sharti moja: mkewe naye alipwe. Huyo tulimwita Shemeji, studio nzima, hadi mlinzi wa getini. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha mbao kando ya kamera, Ukumbi Namba Mbili, na kutazama. Mzee alisema hajui kama kichekesho kimeiva mpaka mkewe acheke. Wakati wa mapumziko Shemeji aliyavaa yale mabuti na kumwigiza mumewe, nasi tukashika mbavu. Taabu ni kwamba hakuweza kujizuia. Kicheko chake kilianza na kikohozi kidogo, kikapanda, kikaishia kwenye kwikwi, na kila mara kiliingia kwenye tepu na kuharibu kipande. Mwongozaji alipotaka kumtoa, Mzee akasema wakitoka watatoka wote wawili. Basi tukaanza kurekodi kila kipande mara mbili: ya kwanza ya Shemeji, acheke mpaka amalize, ya pili ya kazi.

Shemeji alifariki ghafla, akamwacha mumewe na binti mdogo. Mzee aliporudi kazini hakuna aliyethubutu kuondoa kiti, na mwongozaji, kwa heshima tu, akaagiza tuendelee na mara mbili. Nikavaa hedifoni. Mzee akaporomoka ngazi kama kawaida yake, ukumbi kimya, na masikioni mwangu nikasikia kikohozi kidogo. Halafu kicheko. Halafu kwikwi. Nikavua hedifoni: kimya. Nikavaa tena: Shemeji anaendelea. Nilimpa mwongozaji, akasikiliza hadi mwisho, akanirudishia na kusema twende ya kazi.

Tuliishi hivyo, tukazoea, kama mtu anavyozoea bomba linalovuja. Mwigizaji mmoja mgeni alikikalia kile kiti apumzike, akainuka palepale na kuomba radhi, kisha akatuuliza amemwomba radhi nani. Alikuja pia mwongozaji mpya, mjuaji kweli kweli, akafuta ile ya kwanza, turekodi ya kazi tu, ili kubana matumizi. Mitambo ilikuwa mizima siku hiyo, lakini tulipoicheza tepu hatukusikia neno hata moja la waigizaji. Tulisikia mtu anapumua, karibu kabisa na maikrofoni. Kesho yake alirudi kwenye mara mbili bila kuambiwa. Ofisi nayo ilikuwa imekata malipo ya Shemeji. Ikayarudisha kimyakimya, ndiyo yaliyomsomesha binti.

Magoti ya Mzee yalianza kugoma zamani. Binti yake, ambaye sasa ni nesi na ana watoto wake, alimbembeleza apumzike, yeye akawa anapiga chenga. Wengine walidhani anapenda sifa, wengine pesa. Mimi aliniambia ukweli tukinywa chai: aliogopa kumwacha mkewe peke yake mle ukumbini, na watu wasiomjua. Mwaka huu tulipotangaziwa kwamba Ukumbi Namba Mbili utabomolewa, nilimkuta amekaa sakafuni karibu na kile kiti, akilia wazi wazi. Aliniuliza atamtoaje.

Kipande cha mwisho cha filamu yake ya mwisho kilimtaka aage na kutoka mlangoni. Tulipoanza ile ya Shemeji, hakufuata maandishi. Alivua mabuti, akayapanga mbele ya kiti, akainama na kunyoosha mkono kama bwana harusi. Kisha akaelekea mlangoni peku, taratibu, kiwiko amekikunja pembeni. Mabuti yalibaki pale pale sakafuni, sote tunayaona. Lakini kwenye hedifoni nilisikia kikohozi kidogo, kicheko, halafu mabuti yakitembea, yakipwaya, yakimfuata hadi mlangoni. Mlango ukafungwa. Mwongozaji hakuagiza ya pili. Tangu hapo nimerekodi ukumbi ule mara nyingi na sijasikia kitu.

Juzi binti alinipigia kushukuru. Baba yake, ambaye sasa anakaa kwake, anakula vizuri, analala, hata magoti yamepoa. Ombi lake lilikuwa moja tu: nimwambie asitembee na mabuti ndani, yanamwamsha mtoto mchana. Nikamjibu kwamba mabuti ninayo mimi, yamo kabatini. Kisha akasema basi, nisimwambie kitu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu huku analia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante Mzee Mabuti kwa kutuvunja mbavu miaka yote hii. Tutakukumbuka sana, na ukumbi umepooza bila ninyi. Tunawatakia nyote wawili maisha mema, na Shemeji tunamwomba avue viatu mlangoni, mjukuu amelala.