Jina Moja Kwenye Fomu ya Wimbo wa Watu Wawili

Wazee wangu, shikamooni. Wanakikundi wenzangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze jinsi nilivyopoteza wimbo na jinsi ulivyorudi. Nitasema yote, ila jina la mtu sitalitaja, hata mkinibana. Mimi ni mkulima wa alizeti kule Sepuka, na ni mwimbaji kama ninyi.

Wimbo wenyewe tuliimba wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Beti nilitunga mimi. Kiitikio alikitunga yeye siku moja tukipepeta alizeti. Tukaenda kurekodi studio moja mjini. Mwenye studio akatupunguzia bei, akasema, "Mama, mambo ya mtandaoni niachie mimi. Wewe kalime." Nilimshukuru mno! Wiki iliyofuata nikampelekea majogoo wawili. Na mnajua kwetu: mtu ukishampelekea kuku, akala na wanawe, utaanzaje kumwambia muandikiane? Utaonekana humwamini. Basi hatukuandikiana kitu. Mama pale nyuma unacheka. Cheka tu, najua na wewe ulipeleka.

Wimbo ukapendwa. Nikausikia redioni, nikausikia harusini, nikausikia kwenye basi la Manyoni. Kondakta alipojua ni mimi, akakataa nauli yangu. Ndugu zangu, nauli ile ndiyo ilikuwa mapato yangu yote ya wimbo ule.

Binti wa jirani akanisaidia kufungua akaunti ya muziki mtandaoni, tukaupandisha wimbo sisi wenyewe. Haikuchukua siku mbili, ukaja ujumbe kwenye simu: wimbo huu tayari una mmiliki. Nikaizima simu hapohapo. Sikusoma mpaka mwisho. Nilijiuliza, nani mwingine anao wimbo huu? Ni mdogo wangu. Na mdogo wangu mwezi uleule alikuwa ameezeka bati.

Nawaambia, shaka ikishaingia haikosi ushahidi. Akicheka na simu, nasema pesa zimeingia. Akinyamaza, nasema anaficha. Mkewe akiniletea mboga, nazigeuza geuza, najiuliza anataka nini. Asubuhi anapita, "Shikamoo, dada," nami nainamia kuku wangu kama sijasikia. Mtu na mdogo wake, tumbo moja! Hata kuimba tukaacha.

Nikaenda wilayani kwa afisa anayeshughulikia mambo ya wasanii, nikachukua fomu ya kusajili wimbo. Nikaandika jina moja, langu. Yule afisa, binti mdogo tu lakini mtulivu, akausikiliza wimbo wote.

"Mama, hii sauti ya kiume kwenye kiitikio ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Kiitikio alitunga nani?"

Nikaangalia dirishani.

"Mama, nimeuliza alitunga nani."

"Yeye."

"Na hapa umemwandika wapi?"

Nikamweleza habari za ule ujumbe na lile bati. Akaniomba simu, akausoma ule ujumbe hadi chini. Jina la mmiliki lilikuwa la studio. La mdogo wangu halikuwepo popote. Akanirudishia simu akasema, "Mwenye studio amejiandika peke yake. Na wewe ulikuwa unafanya vilevile."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikatoka pale mpaka kwa mdogo wangu, nikamweleza yote. Akaniangalia, akasema, "Bati ni pesa ya vitunguu vyangu, dada. Lakini na mimi niseme ukweli. Uliponunua vile vitenge viwili, nilimwambia mke wangu, umeona, dada anakula wimbo peke yake." Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Sasa nieleze alichotufundisha yule afisa, polepole, maana mimi mwenyewe nilirudia kuuliza mara tatu. Mirabaha ni malipo ya wimbo wako kutumiwa. Kuna haki ya aliyetunga, na kuna haki ya mwenye ile rekodi. Ni vitu viwili. Redio au ukumbi ukilipia muziki, fungu linamfikia aliyesajiliwa, siyo aliyeimba vizuri. Mtandaoni pesa inafuata akaunti iliyopandisha wimbo. Kwa hiyo kabla ya kurekodi andikeni: nani katunga, nani kaimba, nani anamiliki rekodi, kila mmoja fungu lake, na sahihi. Kuku mpelekeeni baada ya sahihi.

Afisa alitusaidia kuandika barua. Mwenye studio alivutana nasi, mwishowe akaturudishia wimbo, naye akabaki ametajwa kama mtayarishaji, maana kazi aliifanya. Alichokwisha kula hakikurudi, sitawadanganya. Sasa fomu ina majina mawili, na malipo yanaingia. Ni madogo, lakini yanaingia kwetu wote.

Namshukuru yule binti wa wilayani, namshukuru binti wa jirani, na ninyi mlionikopesha nauli za kwenda na kurudi bila kuniuliza. Mimi bado ni mtu wa shaka, sijabadilika. Nimejifunza tu kuuliza kwanza na kusoma mpaka mwisho, kabla sijamnunia mtu.

Humu ndani wapo waliorekodi wawili wawili. Nawaomba msiondoke. Kila mmoja akae na mwenzake, muulizane nani alitunga nini, muandike. Karatasi nimeleta, na mdogo wangu yule pale mlangoni ana kalamu.