Mzee Kioo Anatuachia Dirisha Wazi

Kwanza niseme ukweli ambao mnaujua ila kijicho kinawazuia kuusema: hakuna mkono unaopuliza vanishi kama wangu, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Nzi akitua kwenye mlango nilioumaliza mimi, anateleza, anavunjika mguu, na bado anarudi kunipongeza. Natanguliza hayo ili nikisema kuna mtu alinizidi, mjue sisemi kwa unyonge. Mtu huyo ni Mzee Kioo, ambaye Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya milango na makabati, karibu yote ndani ya chumba cha rangi.

Kazi ya kuandika wasifu huu ilipitishwa kwa wenye vyeti wote, na kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Ikaniangukia mimi, ambaye shule tuliachana nayo mapema bila kudaiana talaka. Mkuu wa karakana ameniomba niandike kwa adabu. Nitajaribu, ila sikumwahidi.

Jina la Kioo alipewa na mteja mmoja, mama wa heshima zake, aliyeinama kukagua kabati, akajiona, akatengeneza kilemba chake vizuri, ndipo akakumbuka kuuliza bei. Mzee alikuwa hivyo. Anapiga mkono wa kwanza wa vanishi, anasugua kwa msasa wa maji, anapiga tena, anasugua tena, hadi mbao inasahau kwamba iliwahi kuwa mti. Adui yake alikuwa mmoja tu, vumbi. Chembe moja ikitua kwenye vanishi mbichi, anakwangua yote na kuanza upya, hata kama mteja yuko nje na gari linaunguruma.

Mzaha wake pia ulikuwa mmoja: mlango mzuri haubishiwi hodi, unasalimiwa. Zamani aliutoa kwa nadra, kama mtu anayetoa sahani za wageni. Baadaye ukawa wa kila asubuhi. Baadaye tena ukawa unatolewa mara mbili kabla ya chai, kwa watu walewale. Tukawa tunacheka kabla hajaumaliza. Kumbe tulikuwa tunauchekea ugonjwa.

Naam, mwanzoni ilikuwa sinema ya bure. Siku moja alikwenda nyumbani na kopo la vanishi ndani ya mfuko wa chakula, chakula akakiacha kwenye rafu ya rangi. Siku nyingine alinisalimia mara tatu kabla jua halijakaa sawa. Mara ya nne nikamwambia nimeshakufa, akanipa pole na kuendelea na kazi. Nilijiona mjanja wiki nzima.

Halafu vichekesho vikaisha. Mtu mpole kuliko wote akawa anafoka bila sababu, mara moja akaitupa bunduki ya kupulizia rangi ukutani. Mikono ikaanza kutetemeka. Jioni akitoka chumba cha rangi, anayumba. Tulimkuta kwenye njia panda amesimama, hajui ashike kulia au kushoto, njia ambayo aliipita kabla mimi sijazaliwa. Maneno yakaanza kupita chini chini: mzee anakunywa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja! Hata mkewe, ambaye sote tunamwita mama, alifika mahali pa kumnusa mdomo kila anapomfungulia mlango. Alituambia mwenyewe, machozi yakimtoka: "Nilimnusa mume wangu kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala." Akasema kila alipomnusa, harufu ilikuwa ya thina tu, ile tunayoyeyushia vanishi. Mkuu wa karakana alikuwa ameshamwonya. Onyo la mwisho lilibaki, na baada yake ni kwenda nyumbani na jina la mlevi.

Zahanati ya kwanza walisema ni umri, wakampa vidonge vya presha. Mama hakuridhika. Akanishika mkono nimsindikize hospitali kubwa, akisema domo langu angalau litatusogeza kwenye foleni. Huko tukamkuta daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, akauliza ambacho hakuna aliyewahi kuuliza: huyu mzee anafanya kazi gani, anavuta hewa ya namna gani huko, na akiwa likizoni anakuwaje?

Mama akajibu: "Likizoni, daktari, anarudi kuwa mume wangu. Akirudi kazini, wiki haiishi, ananiuliza chumvi iko wapi na ameishika mkononi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamtajia mzee maneno machache ayashike, akamwambia atoe saba kwenye mia na aendelee kushuka, akampa karatasi achore uso wa saa. Namba zote alizirundika upande mmoja, kama watu waliokimbilia kivuli. Ulipofika wakati wa kuyarudia yale maneno, nikamnong'oneza. Daktari akanigeukia: "Wewe kijana, zamu yako ya kupimwa bado." Na kweli zamu yangu ilikuja, mimi na wenzangu wote wa chumba cha rangi.

Zikafuata picha ya kichwa na vipimo vya damu. Si kiharusi, si uvimbe, si sukari. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa huu hauna kipimo kimoja kinachoutaja kwa jina; unaufuata kama fundi anayetafuta bomba linalovuja, unaondoa mtuhumiwa mmoja mmoja hadi abaki wa mwisho. Aliyebaki ni mvuke wa thina. Miaka yote ile ulikuwa unaingia puani na kuusugua ubongo wa mzee, kama yeye alivyosugua mbao. Hakuwa mlevi. Mama aliposikia hivyo alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele yetu.

Daktari akaja mwenyewe kuona chumba cha rangi. Hata salamu hakumaliza, macho yakamwaga machozi. Feni ya kutoa hewa imefungwa kwa nailoni. Dirisha limezibwa kwa kadibodi na gundi, tabaka juu ya tabaka, kingo zimenyooka. Tukamweleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba hewa ikiingia na vumbi linaingia. Akautazama mlango uliokuwa unang'aa pale katikati, kisha akamtazama mzee.

Dawa ya kuurudisha ubongo hakutupa, kwa sababu haipo. Alichoagiza ni mzee atolewe kwenye mvuke siku ileile, asiurudie tena. Pombe, marufuku, nikamwambia huyo hata soda anaihofia. Alale vya kutosha. Apewe kazi moja kwa wakati mmoja, kila kitu kikae mahali pake, na asikimbizwe. Tukamhamishia chumba cha bawaba na vitasa, upande wa pili wa ua. Akitusaidia kusugua, upande uliokwisha tunautia alama ya chaki, maana mikono yake haijasahau kazi, ni yeye anayesahau ilipoishia.

Maumivu ya kichwa yaliisha. Hasira ikashuka. Njia ya nyumbani ilirudi. Mengine hayakurudi, na daktari hakutudanganya kwamba yatarudi. Feni sasa inazunguka, dirisha liko wazi, sisi tunavaa barakoa, na vumbi likitua tunakwangua na kuanza upya.

Kila asubuhi mzee anapita, anasimama, analitazama dirisha, ananiuliza: "Domo, hivi ni nani aliyekuwa ameliziba hili?" Namjibu: "Mimi, mzee." Ananiita mpumbavu, ananiambia ningewaua wenzangu, kisha anakwenda zake moyo mweupe. Kesho yake tunaanza tena.

Mzee wetu, ahsante kwa kila mlango tuliousalimia. Nenda ukapumzike penye hewa. Miguu yako isipotee njia, na chumvi ikae pale pale ulipoiweka. Mama, ukimsomea, ishia hapa. Yanayofuata ni ya wenzangu tu.

Wenzangu, hasa mnaokuja kesho na kusikia kwamba dirisha liliwahi kuzibwa na mjinga mmoja mwenye domo. Si mimi. Nilipoajiriwa nililikuta hivyo. Aliliziba mwenyewe, kwa mikono yake, kwa ajili ya mng'aro, na sote tuliuona mng'aro tukasema hapa kuna fundi. Hapo ndipo palipoharibika kweli: tuliusifu mng'aro, hewa hatukuiuliza. Msije mkadhani madirisha huzibwa na wapumbavu. Lile lilizibwa na fundi bora kuliko sisi sote.